Hemanjioma ya mtoto mchanga: kusubiri, matone, dawa ya kunywa, leza au upasuaji?

Mtoto amezaliwa na ngozi safi, au labda na kijibaka chepesi ambacho hakuna aliyekitilia maanani. Wiki ya pili au ya tatu kijibaka kinakolea. Mwezi wa pili kimetuna, chekundu, na kila anayempakata mtoto ana lake la kusema: mmoja anasema kitaisha chenyewe, mwingine anataka kikatwe kesho, wa tatu amesikia kuna dawa ya moyo inayokifuta. Wote watatu wana chembe ya ukweli, ndiyo maana mzazi hubaki njia panda.

Hemanjioma ya utotoni ndiyo uvimbe unaoonekana zaidi kwa watoto wachanga. Huwapata takribani watoto 4 hadi 5 katika kila 100, wasichana kuliko wavulana, na hasa waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Si saratani na haigeuki kuwa saratani. Ni seli za kuta za mishipa midogo ya damu zilizozaana kupita kiasi. Jambo la kushika ni kwamba ina ratiba yake: hukua kwa kasi, hutulia, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Kasi kubwa kuliko zote huwa kati ya wiki ya 5 na ya 8 ya maisha, na ikifika miezi 3 nyingi zimeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Ndiyo maana miadi ya "mlete akifika miezi 6" mara nyingi hukuta farasi ameshatoka zizini.

Kwanza, ni hemanjioma kweli?

Njia tano ninazolinganisha hapa zinahusu hemanjioma ya utotoni tu. Kuna mabaka na vivimbe vingine vya mishipa ya damu vinavyofanana nayo kwa macho lakini havisikii dawa zake, na mtoto anaweza kunyweshwa dawa miezi sita bila faida kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Daktari mzoefu huanza kwa kuuliza kilianza lini. Hemanjioma ya utotoni huwa haipo siku ya kuzaliwa, au ipo kama doa hafifu tu. Uvimbe ambao mtoto amezaliwa nao ukiwa umeshakomaa ni hemanjioma ya tangu tumboni, nayo ina aina zake: moja husinyaa haraka ndani ya mwaka wa kwanza au baada yake kidogo, nyingine haisinyai kabisa bali hukua sambamba na mtoto. Baka bapa la rangi ya waridi au zambarau lililokuwepo tangu kuzaliwa, lisilotuna na linalotanuka kwa kadiri ile ile ya mwili, huenda ni kasoro ya kapilari (mishipa ya damu iliyo midogo kabisa), ambayo haiondoki kwa kungojewa. Uvimbe laini wa rangi ya buluu unaojaa mtoto anapolia na kunywea unapoubonyeza unaelekeza kwenye kasoro ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni). Utengano huu kati ya uvimbe wenye seli zinazozaana na kasoro ya maumbile ya mishipa uliwekwa wazi na daktari mpasuaji John Mulliken na mtafiti Julie Glowacki mwaka 1982, na madaktari wa fani hii wanaufuata hadi leo.

Mara nyingi macho, vidole na historia vinatosha. Hapa picha za simu zina thamani kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Piga picha mchana karibu na dirisha, weka rula pembeni ya uvimbe, mara moja kila wiki, na mpe daktari mfululizo huo. Uvimbe uliokuwa milimita 4 wiki ya tatu na milimita 15 wiki ya saba umeshajieleza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, hivyo angalia pia rangi ya zambarau iliyokolea, joto unapogusa, na ugumu kama wa mpira. Hemanjioma iliyo chini ya ngozi haina wekundu hata kidogo. Huonekana kama mahali palipovilia damu baada ya kugongwa, na hujitokeza wiki kadhaa baadaye kuliko ile ya juu.

Shaka ikibaki, ultrasaundi ya Dopla (picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha pia mwendo wa damu) hufuata. Haichomi, haihitaji mtoto alazwe usingizi, na huonyesha kama kuna tungamo lenye damu inayopita kwa kasi. MRI (picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) huachiwa hali kubwa, kwa kuwa mara nyingi mtoto hulazimika kulazwa usingizi ili atulie. Kukata kinyama na kukipeleka maabara ni nadra. Kikikatwa, seli za hemanjioma ya utotoni hutambulika kwa protini ya GLUT1, ambayo hemanjioma za tangu tumboni na kasoro za mishipa hazina.

Vipimo vya kulinganishia

Ukubwa na ubaya wa sura ndivyo vinavyowashtua watu, lakini kwa maoni yangu havistahili kuwa vya kwanza. Kipimo cha kwanza ni mahali: sentimita moja mgongoni haina shida, sentimita hiyo hiyo kwenye kope inaweza kumharibia mtoto uwezo wa kuona. Cha pili ni umri, kwa maana ya awamu, yaani bado inakua, imetulia au inasinyaa. Cha tatu ni kina, kwa sababu matone na leza vina kikomo cha kupenya. Kisha kuna afya ya mtoto mwenyewe, hususan moyo, mapafu na ulaji wake, na mwisho mzigo wa nyumbani: nani atampa dawa saa ngapi, na kliniki mtarudi mara ngapi. Kwa kila njia nimeuliza maswali yale yale: inafanya nini, inachukua muda gani, ina hatari gani, inaidai familia nini, na inamfaa nani.

1. Kusubiri kwa kufuatilia

*Inafanya nini.* Inaiachia hemanjioma ifuate ratiba yake. Nyingi ni ndogo na hazigusi kiungo chochote cha maana, na hizo hazihitaji dawa.

*Muda.* Mrefu. Kusinyaa huanza kuonekana karibu na mwaka mmoja: wekundu unafifia kuwa kijivu kuanzia katikati, uvimbe unalegea. Sehemu kubwa ya kusinyaa huwa imekamilika mtoto akifika miaka 4.

*Hatari.* Kusinyaa si kufutika. Karibu nusu ya watoto wasiotibiwa hubaki na kitu: vimishipa vyekundu, ngozi iliyolegea, au mnofu wa mafuta chini ya ngozi. Iliyotuna sana ikiwa na kingo kali huacha alama zaidi kuliko iliyo bapa. Pia inaweza kuchubuka na kuwa kidonda, hasa kwenye mdomo, shingoni na chini ya nepi, na kwa kawaida hilo hutokea kabla ya miezi sita.

*Mzigo.* Hakuna dawa, ila kuna kazi. Kusubiri bila tarehe ya kurudi ni kutelekeza tu. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto aonwe tena baada ya wiki mbili hadi nne, na mzazi aambiwe waziwazi dalili zipi zimrudishe kabla ya siku hiyo. Ushauri huu ndio unaotolewa kwa wepesi kuliko yote, labda kwa sababu haumgharimu anayeutoa.

*Anayemfaa.* Mtoto mwenye uvimbe mdogo kwenye kiwiliwili, mkono au mguu, au yule ambaye awamu ya kukua imeshapita.

2. Matone ya timololi juu ya ngozi

*Inafanya nini.* Ni matone ya asilimia 0.5 yaliyotengenezwa kutibu presha ya macho, lakini hapa hupakwa juu ya hemanjioma. Yamo kwenye kundi la vizuia-beta (dawa zinazopunguza kasi ya moyo na presha), kama propranololi ya njia ya tatu hapa chini, ila hufanya kazi pale yalipopakwa.

*Muda.* Wiki hadi miezi. Hemanjioma iliyo nyembamba na ya juujuu huanza kupauka. Yenye mzizi chini ya ngozi haitikisiki, kwa kuwa dawa haifiki.

*Hatari.* Ndogo, lakini zipo. Ngozi ya kichanga hupitisha dawa hadi kwenye damu, zaidi kama ina kidonda au ikiwa ni utando laini wa mdomo na sehemu za siri. Kwa hiyo ukiambiwa tone moja asubuhi na moja jioni, ni moja kweli, si zaidi. Kuzidisha ili "iwahi" kunaweza kupunguza mapigo ya moyo. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti, uangalifu uongezeke mara dufu.

*Mzigo.* Mwepesi. Tone linawekwa, linasambazwa kwa ncha ya kidole, linaachwa likauke.

*Anayemfaa.* Mwenye hemanjioma nyembamba mahali ambapo alama ingeonekana, aliyewahi mapema. Lakini ikiendelea kutuna wiki mbili tatu baada ya kuanza, msing'ang'anie. Dirisha la dawa ya kunywa halisubiri.

3. Propranololi ya kunywa

*Inafanya nini.* Propranololi ni dawa ya moyo na presha ya tangu miaka ya 1960. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, waliandika katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine kwamba mtoto aliyepewa dawa hiyo kwa tatizo la moyo alionekana, siku iliyofuata, hemanjioma yake imebadilika kutoka wekundu mkali kuwa zambarau na imelainika. Ugunduzi wa bahati, lakini uliipindua tiba nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukihusisha watoto 460 ulikuta kwamba asilimia 60 ya waliopewa miligramu 3 kwa kilo kwa siku kwa miezi 6 hemanjioma zao ziliisha au zilikaribia kuisha, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa kinywaji cha kulinganishia kisicho na dawa ndani yake.

*Muda.* Rangi na ulaini hubadilika ndani ya siku chache. Tiba yenyewe huenda angalau miezi 6, mara nyingi hadi mtoto apite mwaka mmoja. Ikiachwa mapema, baadhi huvimba tena.

*Hatari.* Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hatari kubwa inazuilika nyumbani. Propranololi inaweza kushusha sukari ya damu ya mtoto ambaye hajala, na huficha baadhi ya dalili za kushuka huko, kama moyo kwenda mbio. Kanuni ni hizi: dawa hutolewa mtoto akiwa ananyonya au mara tu baada ya kunyonya. Akitapika mfululizo, akikataa kunyonya, au akianza kupumua kwa mluzi, dozi hiyo irukwe na daktari apigiwe simu. Akiitema au akicheua baada ya kumeza, usirudie. Subiri dozi inayofuata. Jasho baridi, kutetemeka, kulegea, usingizi asioamshika au degedege ni safari ya hospitali papo hapo.

Jambo jingine ni chupa. Sharubati ya propranololi hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na mililita moja ya chupa mpya inaweza kuwa na dawa mara mbili ya ile ya zamani. Kila unapobadilishiwa chupa, soma miligramu kwa mililita, kisha mwombe mfamasia akuonyeshe kwa kidole mstari wa kuishia kwenye bomba la sindano. Kijiko cha chai kisitumike.

Madhara madogo ni usingizi wa kukatikakatika, mikono na miguu kuwa baridi, na kuharisha. Mtoto mwenye pumu, mapigo ya moyo yaliyo chini sana au kasoro fulani za moyo hafai kuianza kabla daktari bingwa wa tatizo hilo hajasema neno. Kipimo cha moyo na presha kabla ya dozi ya kwanza ni jambo la kudai, si hisani.

*Mzigo.* Mzito kuliko zote: mara mbili au tatu kwa siku kwa miezi, dozi kupandishwa kadiri uzito unavyoongezeka, na kila anayebaki na mtoto kujua kanuni za hapo juu.

*Anayemfaa.* Mwenye hemanjioma inayotishia macho, njia ya hewa, ulaji au umbo la uso, au yenye kidonda. Pia iliyo kubwa au yenye kina, ikiwa bado inakua.

Kabla ya 2008 nafasi hii ilishikwa na dawa za steroidi. Bado zipo kwa watoto wasioweza kutumia propranololi, lakini za kunywa huvimbisha uso, hupandisha presha, hudhoofisha kinga na kupunguza kasi ya kukua, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzia huko.

4. Leza

*Inafanya nini.* Inayotumika zaidi ni leza ya rangi ya mapigo mafupi (kwa Kiingereza pulsed dye laser), yenye mawimbi ya nanomita 595 hivi. Mwanga wake hunyonywa na damu, mishipa ikaungua kutoka ndani huku ngozi ikisalimika.

*Muda.* Vipindi kadhaa vilivyoachana kwa wiki chache. Kila baada ya kipindi, ngozi hubaki na michubuko ya zambarau kwa wiki moja au mbili.

*Hatari.* Hupenya milimita moja au zaidi kidogo, basi. Ikipigwa wakati hemanjioma ingali inakua inaweza kuchochea kidonda. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga, hivyo kuna uwezekano wa kubaki doa jeupe au jeusi. Muulize mtaalamu ameshatibu ngozi ya aina hiyo mara ngapi na atumie kipande kidogo cha majaribio kwanza.

*Mzigo.* Safari za kliniki, na mtoto kuzuiwa au kulazwa usingizi.

*Anayemfaa.* Hasa aliyebakiwa na vimishipa vyekundu baada ya uvimbe kusinyaa.

5. Upasuaji

*Inafanya nini.* Huondoa uvimbe, au mabaki yake ya mafuta na ngozi iliyolegea.

*Muda.* Siku moja ya chumba cha upasuaji na wiki chache za kupona. Swali gumu ni lini. Madaktari wengi hupendelea miaka 3 hadi 5, uvimbe ukiwa umeshanywea na mtoto hajaanza kuchekwa na wenzake.

*Hatari.* Kovu la kudumu, damu kuvuja, na dawa ya usingizi. Kovu la kukata hemanjioma ambayo ingesinyaa vizuri ni gharama isiyorudishika.

*Mzigo.* Mkubwa kwa muda mfupi, kisha unaisha.

*Anayemfaa.* Mwenye mabaki yanayoonekana, au, kwa nadra, kichanga ambaye uvimbe wake una kikonyo, unavuja damu bila kukoma, au unafunika jicho na dawa imeshindwa.

Sasa, kwa hali yako

Njia hizi hazishindani kila wakati. Watoto wengi hupita kwenye mbili: propranololi mwaka wa kwanza, leza au kisu miaka mitatu baadaye. Tafuta hali inayofanana na yako.

Ikiwa mtoto ana sauti ya kukoroma au kukwaruza anapovuta pumzi, sauti imekauka, na ana hemanjioma eneo la kidevu, mataya na shingo, usisome zaidi. Kunaweza kuwa na nyingine kwenye koo. Leo leo, hospitali.

Kope, ncha ya pua, mdomo, sikio, au ziwa la mtoto wa kike: rufaa kwa mtaalamu ndani ya siku chache, ikiwezekana kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, na propranololi iwe kwenye mazungumzo tangu mwanzo. Ya kope ionwe pia na daktari wa macho, hata kama jicho linafumbuka, kwa sababu uzito wake unaweza kubadilisha umbo la jicho.

Ukihesabu hemanjioma tano au zaidi kwenye ngozi, hata kama ni ndogo ndogo, omba ultrasaundi ya ini. Zikiwa nyingi kwenye ini, kipimo cha homoni za tezi ya shingo huongezwa.

Baka lililoenea upande mmoja wa uso au kichwa na kuzidi sentimita 5 linataka picha za ubongo na mishipa ya shingo, uchunguzi wa moyo na wa macho. Propranololi bado yaweza kutumika, lakini kwa mpango. Lililo juu ya mfupa wa kiuno hadi makalioni linataka uti wa mgongo uangaliwe: ultrasaundi katika miezi ya mwanzo kabla mifupa haijakomaa, MRI baadaye.

Kidonda kimetokea? Maumivu na jeraha vitibiwe kwanza: mafuta ya kuzuia kukauka, bandeji isiyogandana, dawa ya maumivu. Propranololi husaidia wengi kupona, ila kwa kidonda madaktari mara nyingi huanza na dozi ndogo.

Kijibaka chembamba shavuni, mtoto ana wiki tano, anakua vizuri: timololi na miadi ya karibu ni mahali pazuri pa kuanzia. Kijibaka hicho hicho mgongoni: rula, picha, subira.

Kama nyumbani hakuna uhakika wa nani atampa mtoto dawa na kumnyonyesha kwa wakati, liseme hilo kliniki bila aibu. Propranololi kwa mtoto anayelala na njaa ni hatari kuliko hemanjioma nyingi.

Kama anayesumbuliwa si kichanga, bali mtoto mkubwa au mtu mzima aliyeota kinundu chekundu kilichokua ndani ya wiki chache na kinachovuja damu kwa kuguswa tu, hapo kuna uwezekano wa granuloma ya piojeni, uvimbe mwingine wa mishipa ya damu usio saratani. Yenyewe hukwanguliwa au kukatwa, na kinyama kipelekwe maabara, kwa kuwa aina moja ya saratani ya ngozi hujifanya hivyo hivyo. Na mtu mzima aliyeambiwa baada ya ultrasaundi ya tumbo kwamba ana hemanjioma kwenye ini, kwa kawaida hahitaji tiba yoyote, mradi picha zimethibitisha.

Mtoto ana mwaka na nusu na uvimbe umeanza kupauka: dirisha la kuzuia ukuaji limeshapita, kwa hiyo msikimbilie chochote. Mwoneni daktari kila baada ya miezi kadhaa. Akifika miaka 3 au 4, shika mahali palipokuwa na uvimbe kwa vidole viwili. Ukibaki wekundu tu, zungumzeni leza. Kikibaki kinyama kilicholegea, leza haitakiondoa. Mwoneni daktari wa upasuaji wa watoto au wa kurekebisha maumbile, mkiwa na picha za zamani mkononi.